Kabla hujaposti "sheria inasema..."

Kuna sentensi inazunguka mitandaoni miaka nenda miaka rudi na sidhani kama kuna Mtanzania mwenye simu hajakutana nayo: ukiishi na mwanamke miezi sita, huyo ni mke wako kisheria. Wengine wanasema miezi mitatu. Wengine wanamalizia kabisa kwamba mkiachana mali mnagawana nusu kwa nusu. Iko kwenye magrupu ya WhatsApp, iko kwenye video za TikTok za jamaa kavaa suti na nyuma yake kabati la vitabu, na nimeikuta pia kwenye makala ndefu zilizopangiliwa vizuri, zenye vichwa vidogo na picha ya mizani ya haki juu kabisa. Sio kweli. Sheria ya Ndoa haisemi hivyo.

Kazi ninayofanya kwa sasa ni kupitia makala za sheria kabla hazijapanda mtandaoni. Mawakili wanaandika, wasaidizi wa kisheria wanaandika, wanafunzi wa sheria wanaandika, alafu sisi wahariri tunakaa na kila sentensi tunaiuliza umetoka wapi. Watu wengi wakisikia mhariri wanajua ni mtu wa kurekebisha herufi na nukta, kwahiyo leo nataka nieleze tunachofanya hasa, na kwanini naumia nikiona mtu anaposti "sheria inasema" wakati hiyo sheria hajaifungua, maana anayesoma vitu hivi hasomi kwa kujifurahisha, anasoma kwa sababu kafukuzwa kazi jana, au mume kafariki na mashemeji wameshafika na kufuli jipya, au mtoto wake yuko mahabusu toka juzi. Huyo mtu leo hii ataamua kitu kwa sentensi uliyoandika wewe.

Uongo mtupu sio unaotusumbua sana, huo unaonekana mapema. Kinachotusumbua ni sentensi ya kweli iliyokatwa sharti lake. Sheria karibu yote ni masharti: ikiwa hivi, na ikiwa vile, isipokuwa kama kuna hiki, ndani ya muda fulani. Sasa mwandishi anataka makala iwe nyepesi, na mimi pia nataka iwe nyepesi, basi anakata "isipokuwa", anakata "ikithibitishwa", inabaki sentensi fupi tamu inayokaa vizuri kwenye bango, na hapo ndo mtu anaumia.

Tuchukue hiyohiyo ya miezi sita. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inazungumzia kitu kinaitwa dhana ya ndoa. Tuseme mwandishi kaleta rasimu imeandikwa hivi: "Mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili, sheria inawatambua kuwa mke na mume." Hapo namba ameipata, miaka miwili ndiyo, miezi sita ameshaachana nayo. Ila sentensi haijafika. Kifungu chenyewe kinasema ikithibitishwa kwamba mwanaume na mwanamke wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyowafanya wajulikane kama mke na mume, basi kutakuwa na dhana kwamba walioana kihalali, na dhana hiyo inaweza kupingwa.

Ona kilichoachwa. "Ikithibitishwa" maana yake kuna mtu anatakiwa athibitishe, mbele ya mahakama, kwa ushahidi, sio kitu kinachotokea chenyewe siku miaka miwili inapotimia. "Wajulikane" maana yake majirani, mjumbe wa nyumba kumi, ndugu wa pande zote mbili, walimu wa shule wanayosoma watoto, hao wote waliwachukulia vipi, kwahiyo mtu aliyekuwa anakuja Ijumaa usiku anaondoka Jumapili na hakuna ndugu hata mmoja anayemfahamu, hata ikipita miaka mitano ana kazi kubwa ya kuthibitisha. Na "inaweza kupingwa" ndo sehemu nzito kuliko zote, kwa sababu upande wa pili unaruhusiwa kuleta ushahidi wa kuivunja hiyo dhana, kwa mfano kwamba mwanaume alikuwa na ndoa ya mke mmoja ambayo haijavunjwa, na kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo kinamkataza kufunga nyingine wakati hiyo ipo.

Alafu kuna kifungu kidogo cha pili ambacho karibu makala zote zinakiruka, na mimi ningemlazimisha kila mwandishi akisome. Kinasema hata kama dhana imepingwa na imevunjwa, yaani mahakama imeona hapakuwa na ndoa, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto akiiridhisha mahakama kwamba kweli waliishi kama mke na mume miaka miwili au zaidi, na mahakama ina mamlaka ya kutoa nafuu nyingine ikiwemo kuamua watoto wakae na nani. Hebu fikiria mama aliyeambiwa na mawakili wa mtandaoni kwamba "huyo alikuwa na ndoa ya kanisani, wewe huna haki yoyote, jipange." Anabeba watoto anarudi kwao, haki yake iko pale kwenye karatasi, aya moja chini ya ile waliyomsomea.

Kwahiyo sentensi ya mwisho inatoka ndefu kidogo kuliko ya kwanza, na mwandishi analalamika kwamba watu hawasomi vitu virefu. Mimi nasema wanasoma. Mtu mwenye kesi anasoma hadi kwenye risiti, mradi umemwandikia kwa Kiswahili anachoongea nyumbani.

Hiyo ya nusu kwa nusu nayo ina ugonjwa uleule. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama, ikivunja ndoa au ikiamuru watengane, iangalie mila za jamii ya wahusika, mchango wa kila mmoja kwa pesa, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto kama wapo, alafu baada ya kuzingatia hayo ielekee kwenye mgawanyo ulio sawa. Kuelekea usawa baada ya kuzingatia mambo manne ni kitu kimoja, na kuhakikishiwa nusu ni kitu kingine kabisa.

Na hapa watu wanapenda kuitaja kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani. Wanaitaja vizuri mwanzo: mahakama ilisema kazi za nyumbani anazofanya mke ni mchango na zinahesabika kwenye mali ya ndoa. Hiyo ni kweli, na ni hukumu kubwa sana kwa wanawake wa nchi hii, miaka arobaini na zaidi bado inatumika. Ila makala nyingi zinaendelea kuandika kwamba Bi Hawa alipewa sehemu yake ya nyumba. Hakupewa. Rufaa yake ilikataliwa, mahakama iliona kuna pesa alishapewa na mume kwa ajili ya mradi na hazikutumika ilivyokusudiwa, kwahiyo fungu lake wakalihesabu hapo. Ukisoma ukurasa wa kwanza na muhtasari tu utapata kanuni, ukisoma hadi mwisho utapata kilichompata mwenye kesi, na vyote viwili msomaji anavihitaji maana atakwenda mahakamani akitegemea yaleyale.

Hili la kusoma hukumu hadi mwisho nalisisitiza kwa sababu kuna kosa moja naliona mara kwa mara na linafanywa hata na watu waliosoma sheria. Hukumu nyingi zinaanza kwa kueleza wakili wa upande huu alisema nini, wakili wa upande ule alijibu nini, kurasa na kurasa, ndipo mahakama inaanza kusema yenyewe. Mtu anatafuta neno kwenye PDF, anapata aya nzuri, anakopi anapesti, anaandika "Mahakama ya Rufani ilisema". Kumbe ni maneno ya wakili, na kurasa tatu mbele mahakama imeyakataa. Kwahiyo mwandishi akiniletea nukuu ya hukumu namuomba aya, sio jina la kesi tu, alafu mimi nafungua nasoma aya mbili za juu na mbili za chini kuona nani anaongea.

Sasa tuje kwenye kazi, maana huku ndo muda unaua watu. Ukiachishwa kazi Tanzania Bara na unaona umeonewa, unapeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wanayoiita CMA. Mitandaoni utakuta imeandikwa una siku 60. Utakuta pia wameandika hakuna ukomo, haki haiozi. Ukweli ni siku 30 kwa mgogoro unaohusu uhalali wa kuachishwa kazi, kuanzia tarehe uliyoachishwa au tarehe mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kukuachisha au wa kuthibitisha uamuzi huo. Hizo 60 zipo, ni za migogoro mingine, mfano mshahara usiolipwa, na zinahesabiwa toka mgogoro ulipotokea. Umeona jinsi kosa linavyozaliwa? Mtu kasoma kanuni moja yenye namba mbili, kachukua namba ya pili akaipeleka kwenye swali la kwanza. Aliyeisoma akakaa siku 45 anakusanya nyaraka kwa utulivu kabisa anakuja kuambiwa amechelewa, anaanza kuhangaika na maombi ya kukubaliwa nje ya muda, aeleze sababu za kuchelewa, na "nilisoma mtandaoni siku 60" ni sababu dhaifu mno ya kusimama nayo.

Na kuna kitu hapa cha kuwaambia wanaoandika: hizo siku huzikuti ukifungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ukasoma sehemu ya kuachishwa kazi. Ziko kwenye kanuni, Tangazo la Serikali namba 64 la mwaka 2007. Sheria mama inatoa haki, kanuni zinatoa muda, fomu na utaratibu, na mwandishi aliyeishia kwenye sheria mama anaandika makala ambayo kila sentensi ina kifungu chake na bado haimsaidii mtu kufungua mgogoro. Ndo maana moja ya maswali yetu kwa kila rasimu ni: umeangalia kanuni zake? Fomu inaitwaje? Anaipeleka wapi, ndani ya siku ngapi, zinahesabiwa toka lini? Hilo swali la mwisho, toka lini, ndo linasahaulika kuliko yote.

Hata likizo. Wanaandika "siku 28 za kazi". Ni siku 28 mfululizo, sikukuu zikiangukia ndani zinahesabika humohumo. Siku 28 za kazi kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki ni zaidi ya wiki tano, siku 28 mfululizo ni wiki nne kamili. Kwa mtu anayebishana na afisa rasilimali watu hiyo tofauti sio ndogo.

Hapo nimesema Tanzania Bara kwa makusudi. Neno "Tanzania" kwenye kichwa cha makala ya sheria mimi huwa nasimama nalo kwanza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatumika Bara, Zanzibar haipo. Ajira sio jambo la Muungano, Zanzibar wana Sheria yao ya Ajira namba 11 ya 2005. Mtu wa Wete akisoma makala yenye kichwa "Haki zako Tanzania" atajuaje kwamba hakuna hata mstari mmoja humo unaomhusu? Mwandishi wa Dar anaona ni jambo dogo. Sio dogo, tunaandika kwenye mstari wa kwanza kabisa: makala hii ni ya Tanzania Bara. Watu wa Visiwani wanatushukuru sana kwa hilo, tena wengi wanasema hakuna aliyewahi kuwaambia.

Alafu kuna jirani yetu. Wakenya wanaandika Kiswahili mtandaoni, sisi tunaandika Kiswahili, algorithimu haijui mpaka wa Namanga. Mtanzania anatafuta "nimefukuzwa kazi muda wa kushtaki" anapata makala ya Kenya, inasema miaka mitatu, na kwa Kenya ni sahihi, sheria yao ya ajira ya 2007 inatoa miaka mitatu. Anafunga simu analala. Kwake ilikuwa siku 30. Likizo vilevile, Kenya ni siku 21 za kazi kwa mwaka, na zao kweli ni za kazi, sisi 28 mfululizo. Makala zote mbili ziko sahihi, na msomaji bado kapotea.

Ndoa ndo kabisa. Kule Kenya, kwenye kesi za watu walioishi bila kufunga ndoa, Mahakama ya Juu ilitoa hukumu Januari 2023, ile ya MNK na POM, na iliweka vigezo: wawe wameishi pamoja muda mrefu, wawe na uwezo kisheria wa kuoana, wawe walikusudia, wawe waliridhia wote wawili, wawe walijionyesha kwa watu kama wanandoa, na mzigo wa kuthibitisha uwe kwa anayedai. Hakuna miaka miwili pale, kuna "muda mrefu", na mahakama yenyewe ikasema dhana hiyo itumike kwa nadra. Siku hiyohiyo ikatoa hukumu nyingine, ya Ogentoto, ikasema usawa wa wanandoa kwenye Katiba ya 2010 haumaanishi mali inagawanywa nusu kwa nusu moja kwa moja, kila mtu aonyeshe mchango wake. Sasa chukua kipande cha huko ukiunge na kifungu cha 160 cha huku, alafu weka kichwa cha habari "Sheria ya ndoa Afrika Mashariki". Rasimu ya namna hiyo tunairudisha nzima. Afrika Mashariki haina sheria moja ya ndoa, na mtu aliyeko Muscat au Minnesota anayesoma kwa Kiswahili naye anatakiwa aambiwe wazi hii ni sheria ya nchi gani.

Shida nyingine ni toleo, yaani sheria ilivyochapishwa upya ikiwa na marekebisho yake hadi mwaka fulani. Mafaili ya PDF ya sheria zetu yanayozunguka kwenye magrupu mengi ni ya toleo la 2002. Yanaonekana rasmi, yana nembo, mtu anaamini. Katikati hapo kumekuwa na marekebisho kila mwaka, likaja toleo la 2019, na sasa Toleo la Urekebu la 2023 limeanza kutumika 1 Julai 2025, na kuna sheria ambazo namba za vifungu zimehama. Kwahiyo kuandika "kifungu cha ngapi" bila kusema toleo gani ni kumwelekeza mtu nyumba bila kumtajia mtaa. (Namba nilizotaja kwenye posti hii ni za sheria kama zilivyotungwa.)

Na hata ukiwa na toleo jipya bado hujamaliza, kwa sababu maandishi ya sheria yanaweza kuwa yamesimama na mahakama imeshayasema yanakwenda kinyume na Katiba. Mfano unaojulikana ni umri wa kuolewa. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa kiliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa, na cha 17 kikazungumzia ridhaa ya mzazi. Rebeca Gyumi alifungua kesi, Mahakama Kuu ikatamka Julai 2016 kwamba vifungu hivyo ni kinyume na Katiba na ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha, Mwanasheria Mkuu akakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo Oktoba 2019. Sasa mwandishi mmoja atafungua PDF aandike "sheria inaruhusu miaka 15", mwingine atasikia habari ya hukumu aandike "sheria imeshabadilishwa ni 18". Hukumu ni kitu kimoja, Bunge kubadilisha maandishi ni kitu kingine. Sentensi tunayoikubali ni ile inayotaja vyote: kifungu kilisema hivi, mahakama ikaamua hivi tarehe hii, alafu aangalie Bunge limefikia wapi siku ile anayoandika, na hiyo tarehe aiweke.

Sasa hivi kuna jambo jipya limetuongezea kazi mara dufu. Rasimu zinakuja zimeandikwa na akili mnemba, Kiswahili safi, aya zimenyooka, na katikati kuna kesi. Jina la kesi linasikika la kwetu kabisa, kuna mwaka, kuna namba ya rufaa, kuna hata maneno ya jaji kwenye alama za kunukuu. Unaitafuta TanzLII, ile tovuti ya hukumu za Tanzania, haipo. Unatafuta kwa jina moja moja, haipo. Haijawahi kuwepo. Na hili sio la kwetu tu, mwaka 2023 kule New York mawakili kwenye kesi ya Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca waliwasilisha kesi za kubuni walizopewa na ChatGPT, jaji P. Kevin Castel akawapiga faini ya dola 5,000. Juni 2025 Mahakama Kuu ya Uingereza ilikuwa na shauri ambalo kati ya rejea 45 zilizowekwa mbele ya mahakama, 18 zilikuwa za kesi ambazo hazipo. Hao ni mawakili wenye leseni, mbele ya jaji, na upande wa pili uko pale unakagua. Makala ya mtandaoni haina jaji wala upande wa pili. Ina mama mmoja na simu yake.

Ukweli ni kwamba kesi ambayo haipo inakamatika haraka. Inayonitisha mimi ni kesi ambayo ipo kweli, jina sahihi, mwaka sahihi, ila kilichoandikwa kwamba iliamua sicho ilichoamua. Hiyo huikamati kwa kutafuta jina, unaikamata kwa kufungua na kusoma, hakuna njia ya mkato. Na vifaa vipo na ni bure: hukumu za Tanzania ziko TanzLII, za Kenya ziko Kenya Law, mtu yeyote anafungua kwa simu. Ukiona TZCA kwenye namba ujue ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania, TZHC ni Mahakama Kuu, KESC ni Mahakama ya Juu ya Kenya. Na ukiona ni ya Mahakama Kuu tafuta kwanza kama ilikatiwa rufaa, maana kuna hukumu tamu sana za Mahakama Kuu ambazo juu zilishatenguliwa na bado zinazunguka mitandaoni kama vile hakuna kilichotokea.

Baada ya hayo yote makala inapanda, ikiwa na tarehe iliyopitiwa mara ya mwisho, jina la aliyepitia, nchi, na toleo la sheria. Tarehe ya kupitiwa, sio tarehe ya kupandishwa, maana makala iliyopandishwa miaka sita nyuma na haijaguswa tena haina tofauti na PDF ya 2002. Na tukirekebisha kitu tunaandika juu kabisa tumerekebisha nini na kabla ilisomekaje. Kuna wenzetu kwenye fani hii hawapendi hilo, wanabadilisha kimyakimya, wanasema ukionyesha marekebisho watu watapoteza imani. Siwaungi mkono hata kidogo. Mtu aliyesoma siku 60 mwezi uliopita akirudi akakuta 30 bila maelezo atadhani yeye ndo alisoma vibaya, na hatajua kama anatakiwa akimbie CMA leo hii akaulize maombi ya kuongezewa muda.

Na bado skrinishoti zinatushinda, hilo nakiri ni pigo. Ukurasa ukirekebishwa, picha yake iliyopigwa mwaka jana iko kwenye simu za watu na haina tarehe, haina nchi, mtu kaikata akabakiza ile sentensi nzito peke yake. Tunachojaribu sasa ni kuweka nchi na mwaka ndani ya sentensi yenyewe, sio pembeni wala chini: "Tanzania Bara, kwa kanuni za 2007, una siku 30 toka..." Inasomeka kama imebeba mizigo, najua, ila ikikatwa inakatwa na mizigo yake.

Wiki hii mezani kuna makala ya ardhi, ile ya "ukikaa kwenye shamba miaka 12 ni lako". Namba 12 inatoka kwenye Sheria ya Ukomo wa Muda, ni muda wa kufungua kesi kudai ardhi, na Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Masista wa Roho Mtakatifu na January Kamili Shayo na wenzake 136 ilieleza kwa kirefu anayedai hivyo anatakiwa athibitishe nini, ikiwemo kwamba mwenye ardhi hakuwa anaikalia kwa sababu aliitelekeza, kwamba mdai aliikalia kweli, kwamba hakuwa na haki nyingine ya kuwepo pale zaidi ya kuingia tu, na kwamba muda wote huo haukukatizwa. Mpangaji hayumo humo. Aliyekaribishwa na ndugu alime msimu mmoja akabaki hayumo. Mwandishi amerudishiwa rasimu na maswali matatu: mtu aliyepewa shamba kwa mdomo na marehemu anaangukia wapi, ardhi ya kijiji inahesabiwaje, na hizo 12 zinaanza kuhesabiwa toka lini. Ikitulia nitaweka linki hapa.